Alama ya Tano Mlangoni

...na hapa, anasema mwongozaji wa nyumba hii ya makumbusho akigusa fremu ya mlango wa jikoni kwa fimbo, watoto wanne wa Mheshimiwa walikuwa wakipimwa urefu kila mwaka mpya, hizi za juu ni za siku ya mwisho kabla familia haijahama, wanne, kasema wanne, na binti aliyesimama nyuma ya wanafunzi anahesabu tena hizo za juu, tano, ya chini kabisa kati yake imechongwa kwa kisu, nyingine ni za penseli, ndiyo hiyo aliyoifuata, maana bibi yake alikuwa mpishi humu ndani na mama yake alikulia chumba cha uani, mama ambaye mpaka anafumba macho mwaka jana alisema, mimi pia nimo kwenye ule mlango, siku moja nenda kaniangalie... mwanafunzi mmoja anauliza hiyo ya tano ni ya nani, na mwongozaji anasema labda ni ya mbwa, wote wanaangua kicheko, na yeye midomo inataka kucheka nao kwa mazoea tu, anaikaza, mama hakuwa mfupi, mama alimzidi kitindamimba wa Mheshimiwa vidole viwili, ndiyo maana bibi alichonga usawa wa sikio badala ya utosi, mtoto wa mpishi asije akaonekana kampita mtoto wa bosi, "Hapa panatosha, mwanangu," bibi alisema, na mama akakubali, ila kila alipoisimulia alijishika utosini, mimi niliishia hapa, siyo pale... na yeye mwenyewe, alipoacha shule kidato cha pili amuuguze mama, si alijiambia maneno hayohayo, hapa panatosha, sasa ataanzaje kusema mbele ya hawa wenye sare zilizonyooka kwa pasi, watamuuliza unasoma wapi, lakini jambo hili halimo kwenye kitabu chochote walichosoma, analo yeye peke yake, akinyamaza alama itabaki ya mbwa... "Kuna swali lingine?" anauliza mwongozaji, keshageukia sebuleni, kamba nyekundu bado imekatiza mlango, alama bado ni tano na zinazotajwa ni nne, hakuna aliyemtazama, ila mkono wake uko juu, hakumbuki kuunyanyua, umefika usawa wa sikio, na hapo hapatoshi, anaunyoosha mpaka unapita vichwa vyote vilivyo mbele yake.