Lori Lililokuja Msibani

Luhende alipokataa kuendesha lori la Bwana Jonathan kwa sababu breki zilikuwa zimekwisha, aliambiwa aache funguo mezani aende nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi lori lilitoka lenyewe kwenye yadi ya Magu likiwa na mzigo wa mbegu za pamba, likashika lami, likafika kwenye kiwanda cha mafuta Nyakato kabla ya saa mbili. Lilikuwa linaijua njia. Mlinzi alilifungulia geti, makuli wakashusha mzigo, likageuza.

Bwana Jonathan hakuajiri dereva mwingine. Breki nazo hakuzitengeneza.

Watu walilipenda, huo ndio ukweli, na wasijifanye leo wamesahau. Vijana wa bodaboda pale Nyakato walisema wiki tatu mfululizo kwamba heri gari lisilo na mtu: halinywi, halisinzii, halipokei simu ya mchepuko likiwa kwenye kona. Mama mmoja muuza samaki alilalamika kwamba halina wa kumwomba lifti, lakini hata yeye alikubali kwamba linapita kwa adabu. Askari wa barabarani walilisimamisha mara mbili, wakakuta hakuna wa kuongea naye dirishani, wakaliacha liende. Wengine walitaka malori yote ya mkoa yawe hivyo. Habari za breki hakuna aliyeziuliza, kwa kuwa mtu pekee aliyekuwa akizisema alikuwa kwao analima nyanya.

Jumamosi ya wiki ya nne Mashimba alikuwa anavuka barabara na baiskeli yake, nyuma amefunga gunia la mchele, tena kwenye kivuko chenye alama. Lori lilimwona. Lilipiga honi, likajitahidi kusimama, na liliposimama lilikuwa limeshamkanyaga. Mchele ulimwagika mpaka mtaroni.

Walipomaliza kuzika, mkewe Wilhelmina alikwenda kituo cha polisi na shemeji yake Antoni, mdogo wa marehemu. Koplo Alexander aliwapokea vizuri, akawapa pole, akawaonyesha benchi. Kisha akawaeleza kwamba kesi ya namna hii hufunguliwa dhidi ya dereva, na dereva hapakuwa. Antoni akamtaja Bwana Jonathan. Koplo akasema Bwana Jonathan siku ile alikuwa harusini Bukoba, na watu mia tatu walimwona akicheza.

Wilhelmina hakutaka mtu afungwe. Alitaka jambo moja tu, ambalo kwa akina Mashimba hata mlevi hulifanya: aliyeua aje msibani, yeye au wazee wa upande wake, akae chini mbele ya wafiwa aseme, "Ni sisi." Bila hivyo hawaanui matanga. Antoni alikwenda Magu mara mbili kumwita Bwana Jonathan. Mara ya kwanza aliambiwa tajiri yuko kwenye kikao. Mara ya pili tajiri alitoka mwenyewe, akamwambia kwamba kungekuwa na dereva angemleta dereva, lakini hawezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna mtu amelifanya. Aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, wala hakumpa mgeni hata maji ya kunywa.

Jioni yake lori lilikuja. Lilipanda kinjia cha Igogo, kwa akina Mashimba, katikati ya mawe, taratibu, likasimama mbele ya turubai la msiba. Likainamisha kichwa mbele, vile mafundi wanavyokiinamisha wanapotaka kuiona injini, likazima. Wanawake waliokuwa wanapika wakasogeza masufuria lipate nafasi. Mzee mmoja akaliambia pole na safari.

Wilhelmina alitoka ndani, akalizunguka, akaona damu kwenye bampa bado haijaoshwa. Akachota maji akajaza rejeta, maana mgeni wa msiba lazima apewe kitu. Kisha akatandika mkeka akakaa mbele ya taa zake.

"Wewe umekuja, asante," alisema. "Lakini siyo wewe niliyekuwa nakusubiri."

Lori lilikaa pale siku mbili, kichwa chini, na majirani walikwenda kazini wakarudi wakalikuta. Huko Nyakato vijana wa bodaboda walisema sasa imethibitika kwamba gari lina utu kuliko madereva. Kuhusu Mashimba walisema ni kazi ya Mungu. Eti Mungu ndiye aliyekuwa na zamu ya kutengeneza breki.

Siku ya tatu Bwana Jonathan alifika Igogo, ameongozana na Koplo Alexander. Hakuvua kofia. Aliukanyaga mkeka na viatu vyake akaenda kukagua matairi. Alisema mzigo umelala yadi na kiwanda kinalalamika, kisha akauliza ni nani amelizuia lori lake. Antoni akamjibu kwamba halikuzuiwa na mtu, lilikuja lenyewe.

"Gari haliji msibani lenyewe," alisema Bwana Jonathan. "Lina akili gani? Kuna mtu amelizuia, na anaonekana."

Koplo alimtazama Wilhelmina, aliyekuwa amekaa palepale mbele ya taa, akatoa karatasi. Safari hii kazi haikumsumbua. Aliandika jina, umri, kabila, mtaa, na kosa la kuzuia mali ya mtu.

"Andika, afande, mimi sibishi," Wilhelmina alisema. "Yeye aseme tu, 'Ni sisi.' Akishasema, nitakwenda."

Koplo akamgeukia Bwana Jonathan. Bwana Jonathan alikuwa anasoma kitu kwenye simu.

Gari la polisi halikuwa na mafuta. Lori likainua kichwa, Wilhelmina akapandishwa na khanga zake za msiba apelekwe kituoni, akakaa kiti cha abiria, koplo akapanda nyuma. Watu wa Igogo walisimama kando ya njia kulitazama likiteremka katikati ya mawe. Walisema limeshuka vizuri sana, halikumrusha hata kwenye tuta.