Kanda za Rangi Kwenye Rafu ya Darasa la Saba

Ilimchukua Mwalimu Herminia Salvaleon miaka miwili kuijaza ile rafu. Aliomba vitabu kanisani, akaomba msikitini, akapanda mpaka kwa akina mama wa Kitboli, kabila la milimani juu ya ziwa, akaziandika hadithi zao kwa mkono na kuzishona kwa uzi. Alitaka kila mtoto wa darasa lake akute kitabu chenye mtu kama yeye. Halafu, ili wasihangaike kutafuta, akabandika kanda za rangi migongoni mwa vitabu: nyekundu Watboli, kijani Waislamu, njano watoto wenye ulemavu, nyeupe vilivyobaki.

Jumatatu akakuta kitabu cha mwezi wa kufunga kina kanda nyekundu. Cha mizimu ya bweni kina njano. Akadhani amechoka, akavirekebisha. Jumanne vimevurugika tena.

Usingizi ulimruka. Kuna mzazi amekasirika? Amemkosea nani?

Jumatano, wanafunzi wengine wakiwa nje wanagombea ndizi za kukaanga, alirudi darasani akamkuta Jenlyn Kusin amechuchumaa mbele ya rafu, anabandua kanda kwa ukucha. Kando yake Nasrudin Kamsa ameshika kichupa cha mafuta ya nazi.

"Jenlyn! Unafanya nini, mwanangu?"

"Nabandua, Madamu. Tukizibadilisha unazirudisha."

"Hilo naliona. Kwa nini?"

Jenlyn, binti wa Kitboli asiyezoea kujibu wakubwa, alitazama sakafu. "Nilikuwa nataka cha mizimu. Huyu akanisukumia vyekundu. Eti, 'Vyako hivi hapa, dada, usipotee.'"

"Nilikuwa natania!" Nasrudin alidakia. "Na mimi nikigusa cheupe wananiuliza kama nimebadili dini. Vya kijani nimevimaliza vyote, Madamu. Kimoja kinachosha kweli."

"Kwa hiyo mafuta ni yako?"

"Ya mama. Bila mafuta karatasi inachanika."

Herminia akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Alitaka kukasirika, hakujua aanzie wapi.

"Basi niviondoe hivyo vya Kitboli?"

"Hapana!" Jenlyn aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Cha bibi mfumaji nimekisoma mara nne."

"Sasa mnataka nini, jamani?"

Wawili wale wakatazamana.

"Sijui," alisema Jenlyn. "Viwepo tu. Ila visiniite."

Mchana ule walibandua kanda zote, watatu, mikono ikinuka nazi. Kesho yake mkuu wa shule akaja kuikagua rafu aliyoisikia ikisifiwa mjini.

"Vya Watboli viko wapi?"

"Vimo humo, bwana mkuu."

"Mgeni atavijuaje?"

Herminia alichomoa cha bibi mfumaji, akampa. Swali lilikuwa la haki. Mkuu akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa, Jenlyn aliazima cha mizimu. Nasrudin akachukua cha bibi mfumaji, akakirudisha baada ya dakika kumi akisema hakina vita hata kidogo, kisha akakirudia tena kabla ya kengele. Mtoto wa Kitboli wa dawati la nyuma alizunguka rafu nzima, akatoka mikono mitupu. Huenda alikuwa anatafuta kanda nyekundu. Herminia alitamani kumwita amwulize, lakini maneno pekee yaliyomjia yalikuwa yale ya Nasrudin: "Vyako hivi hapa."