Viti vya Kunjambu

Kamati ya maktaba ilikutana Jumapili alasiri kwenye chumba cha magazeti, kupanga ratiba ya Wiki ya Kusoma. Wajumbe walikunywa chai na kula ndizi za kukaanga alizozileta Shyni, mkutubi, ambaye pia ndiye aliyefagia chumba. Mwenyekiti, Mwalimu Bhargavan, alitaka waanze na suala la makofi.

Mwaka uliotangulia wanakijiji hawakuja. Viti vyekundu vya plastiki, vilivyokodiwa kwa Kunjambu mwenye maturubai, vilikaa vitupu safu kwa safu, na katikati ya hotuba ya makaribisho vikapiga makofi. Vilipiga kwa mikono yake, ile ya kuegemeza viwiko. Msemaji alingoja vimalize, kisha akaendelea.

"Safu za mbele zilipiga vizuri," alisema Sugathan, katibu. "Za nyuma zilichelewa kidogo."

"Za nyuma ni hivyo hivyo hata zikikaliwa na watu," alisema Mwalimu.

Iliamuliwa kwamba viti vitambuliwe kuwa hadhira. Kazi nyingi zikaisha hapo hapo: hakuna tena kubandika matangazo, kupita nyumba kwa nyumba wala kupika chai ya wageni. Muda uliopatikana waligawiwa wasemaji. Orodha ya watakaotoa salamu za pongezi ilirefuka, kwa sababu kila mjumbe alimkumbuka shemeji anayestahili kuvishwa shali ya heshima jukwaani.

"Na Mama Chirutha?" aliuliza Shyni. "Ameomba tena asome."

"Si tunamweka kila mwaka?" alisema Sugathan.

"Tunamweka. Ila hatumfikii."

"Basi mweke tena, baada ya shukrani. Mtu wa mwisho kwenye ratiba ndiye anayekumbukwa, dada."

Maktaba hiyo ilijengwa na wasokota bidi, zile sigara za majani. Katika karakana yao, mmoja alisoma kwa sauti huku wengine wakisokota tumbaku ndani ya majani, na fungu lake la kazi wakalisokota wao ili asipoteze ujira. Upande wa wanawake msomaji alikuwa Chirutha. Karakana ilifungwa ikiwa imebaki sura moja ya riwaya nene ambayo walichanga wote kuinunua. Wakakubaliana kwamba kitabu cha wote hakitasomewa jikoni kwa mtu. Kitamaliziwa ukumbini mwa maktaba, wote wakiwa wamekaa. Tangu hapo walikuwa wakifa mmoja mmoja bila kujua kama msichana wa kitabuni aliuvuka mto. Aliyebaki ni Janu. Na macho ya Chirutha yalikuwa yakiingia giza. Daktari alimwambia kwamba lililokwisha kuingia halitoki, na kwamba lililobaki liko njiani.

Siku ya ufunguzi wazee hao wawili walifika mapema, wamevaa nguo nyeupe zenye ukingo wa dhahabu. Janu alikwenda kukaa safu ya pili.

"Mama, si hapo," alisema Sugathan. "Hicho kinapiga makofi kuliko vyote."

"Nikikikalia kitaacha kupiga?"

"Kitapigaje na wewe umekiegemea?"

Waliwekwa mlangoni, karibu na meza ya magazeti, wakasimama.

"Shoga, miguu yangu," alisema Janu.

"Vumilia. Mwaka huu wana haraka. Umeona walivyochana nywele, kama wenye safari?"

Mgeni rasmi aliwasha utambi wa kwanza wa taa ya shaba. Tambi nyingine ziliwashwa na waheshimiwa kwa kufuata vyeo, zikazimwa, zikawashwa tena, kwa kuwa mpiga picha hakuwa tayari. Mwalimu Bhargavan alizungumza juu ya utamaduni wa kusoma. Mgeni rasmi alizungumza juu ya umuhimu wa kuzungumza juu ya utamaduni wa kusoma. Viti vilipiga makofi pale palipostahili, na mara moja vilicheka kabla ya kichekesho kwisha, jambo lililomfurahisha sana mwenye kichekesho. Kisha zikaja salamu za pongezi. Shyni alikuwa akipita na sinia la shali. Wasemaji waliovishwa mbili waliendelea kuzungumza wakitokwa jasho, na hakuna aliyevua. Juu ya jukwaa, picha ya wasokota bidi waanzilishi ilivishwa shada la maua ya njano, kubwa mno, likawafunika mpaka kwenye paji la uso.

Sugathan alitoa shukrani. Aliwashukuru wasemaji wote kwa majina, kisha akavishukuru viti. Waheshimiwa wakashuka kuelekea kwenye magari, maana chakula chao kilikuwa tayari mahali pengine. Nje Kunjambu alikuwa ameshageuza gari lake dogo la mizigo ili abebe viti.

"Sasa, Mama," alisema Shyni kwa sauti ndogo, akampa Chirutha kipaza sauti.

Chirutha alisogea karibu na taa ya shaba, akakishika kitabu mbele kidogo ya pua, akaanza. Hakusalimu wala hakutaja jina la mtu. Alisoma kama alivyosoma karakanani, bila kupandisha sauti, akitua pale ambapo zamani mikono ilimaliza kusokota na kuchukua jani jingine.

Viti viliacha safu zake. Vilisogea taratibu, bila kuburuza miguu, vikakaa duara kumzunguka. Kimoja, kile cha safu ya pili, kilimwendea Janu mlangoni, kikamgusa nyuma ya magoti mpaka akakaa, kikamleta katikati. Kunjambu aliingia kuchukua mali yake, akaona haijawa tayari, akaegemea nguzo.

Chirutha alisoma sura yote mpaka ukabaki ukurasa wa mwisho. Msichana alikuwa ukingoni, maji yamemfika kifundoni.

Hapo mgeni rasmi alirudi. Akiwa garini alikumbuka kwamba hakumshukuru aliyetoa shukrani.

"Samahani mama, dakika moja tu," alisema, akakichukua kipaza sauti kwa adabu.

Alimshukuru Sugathan, na kutoka hapo akaona ni vizuri agusie historia ya shukrani katika wilaya yao. Mahali pa makofi akanyamaza kungoja. Hakukuwa na kofi hata moja. Viti vyote vilikuwa vimegeuka na kumpa mgongo. Akarudia sentensi, kwa msisitizo, akangoja tena. Mwishowe umeme ukakatika, na kwa kuwa ratiba ilikuwa imesomwa yote, ukumbi ukafungwa.

Kikao cha tathmini kilifanyika Jumapili iliyofuata, kwa chai na ndizi. Ilionekana kwamba usomaji haukufanikiwa, kwa kuwa haukupigiwa makofi, na kwamba umeviharibu viti, ambavyo kabla ya hapo havikuwa na tatizo lolote.

"Vilikuwa vinasikiliza," alisema Shyni.

"Kusikiliza hakuonekani kwenye picha," alisema Mwalimu Bhargavan.

Iliamuliwa vikodiwe viti vya bluu kwa mtu mwingine. Viti vyekundu vilibaki bandani kwa Kunjambu. Hakuna tena aliyevitaka, hata kwa arusi. Kila jioni Kunjambu huvipandanisha, na kila asubuhi huvikuta vimekaa duara.

Wiki ya Kusoma ikarudi. Viti vya bluu vilipiga makofi tangu Mwalimu alipokuwa akipanda ngazi, na vikasifiwa kwa nidhamu. Chirutha alifika akiongozwa na Janu. Hakuona tena taa wala sinia la shali, lakini kitabu alikuja nacho, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, ambao alikuwa ameshauweka moyoni. Walisimama mlangoni karibu na meza ya magazeti. Jukwaani mtu wa kwanza wa salamu za pongezi alikuwa akikohoa ili aanze.

Janu alimsogelea sikioni.

"Shoga, mimi nimechoka. Niambie tu. Alivuka?"

"Subiri," alisema Chirutha. "Tumo kwenye ratiba."