Lenzi Tatu na Macho ya Mjomba

Mjomba wangu, mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja na maneno ya vyumba kumi, alitaka kuuza lenzi mbili kati ya tatu alizokuwa nazo, abaki na iliyo bora. Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka bweni, nikateuliwa kuwa tume ya uchunguzi. Mjomba akaketi mbele ya pazia la kijivu, kashika karatasi nyeupe kifuani kama mahabusu.

"Usitabasamu, mtuhumiwa," nikamwambia.

"Piga picha, mpwa. Ulimi uache bwenini."

Mwanga ule ule, kiti kile kile. Nilibadilisha lenzi tu. Kisha tukazipanga picha tatu kwenye kompyuta.

Lenzi ya kwanza, kuukuu, ilipaka kila kitu rangi ya chai ya maziwa: pazia, karatasi, hata meno. Vivuli vilikuwa hafifu, kama nguo iliyofuliwa mno. Ya pili ilikuwa na ukali wa mwalimu wa zamu: cheusi kikawa cheusi tii, kila kunyanzi likaitwa kwa jina, na karatasi ikaingia usamawati. Ya tatu ilikuwa na adabu zake. Karatasi ilitoka nyeupe pe.

Lakini macho ya mjomba yalikuwa ya manjano.

"Umechezea rangi," akasema.

"Sijagusa."

"Wewe? Uliyempaka baba yako kijani kwenye picha ya kitambulisho?"

"Ile ilikuwa sanaa, mjomba. Hii sijagusa kweli."

"Basi lenzi mbovu. Tazama ya pili."

Tukatazama. Karatasi ya samawati, macho ya manjano. Kwenye ile ya kwanza yalikuwa yamejificha tu, kwa kuwa kila kitu kilifanana nayo.

"Lenzi ikipaka, inapaka na karatasi," nikasema. "Haichagui macho. Si ulinifundisha wewe?"

Ndipo nikaona jinsi kola ya shati ilivyomwachia shingo, nafasi ya kuingiza ngumi.

"Huli, mjomba?"

"Nachoka tu." Akasogea karibu na skrini. "Baba naye alianza hivi hivi. Machoni."

Babu tulimzika kabla mwaka haujaisha.

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Ifanye nyeusi na nyeupe," akasema.

"Mjomba."

"Nimesema ifanye."

Nikabonyeza. Manjano yakatoweka. Akabaki mwanamume mtanashati mwenye macho ya kijivu, anayeweza kuishi miaka mia. Mjomba akashusha pumzi, akajinyoosha kola.

"Unaona? Mzima kabisa. Hiyo ya tatu tunabaki nayo."

Nikageuza kibao cha mlangoni kionyeshe tumefunga, nikachukua ufunguo wa gari lake, nikasimama nao kizingitini. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kuchekesha.

Mjomba hakuinuka. Alikuwa akiitazama picha.