Kipande cha Pili cha Odalie

Evariste Labat alikuwa fundi lipu siku za kazi na mpiga tarumbeta siku za raha, na New Orleans nzima haikuwa na mtu mchoyo wa vidole kama yeye. Akipiga dansini, alifunika mkono wa kulia kwa hanchifu, wapigaji wenzake wasione anavyobonyeza vitufe wakamwibia. Watu walimcheka, lakini hawakuacha kumwita. Harusini, mazishini, mandarini, tarumbeta ilikuwa yake tangu ndevu hazijaota.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Siku ya harusi alimwahidi mkewe Odalie kumtungia wimbo wenye jina lake, na mpaka leo hakuwa ameumaliza. Nyimbo za watu alizipamba mpaka wenyewe wakazionea wivu. Wa kwake ukifika katikati, unakwama. Odalie, ambaye ulimi wake hakuuazima kwa mtu, alisema mbele ya wageni, "Mume wangu huyu ni fundi wa nusu ukuta." Evariste alicheka pamoja nao, na moyoni ilimuuma sana.

Mwaka ule, joto lilipoanza, kipande cha kwanza hatimaye kilitulia, kitamu kweli kweli. Alikificha, asikipige mbele ya watu kabla hakijapata mwenzake. Sasa huyu mwerevu wa hanchifu akafanya nini? Wiki nzima alipiga lipu ukuta wa kinyozi, huku akikipiga kwa mluzi kutwa kucha. Na ndani, siku mojawapo, amelala kitini na povu kidevuni, alikuwemo Hosea Pruitt, mpiga tarumbeta wa mtaa wa juu, mtu mwenye masikio yasiyosamehe. Evariste aliziba nyufa zote za ukuta, mdomo wake akauacha wazi.

Jumapili bendi zilipanda magari ya farasi kutangaza dansi za jioni. Gari la Evariste lilipofika kona ya Dumaine na Claiborne, likakutana na la Hosea. Papo hapo wanaume wakaja na kamba, wakafunga gurudumu la gari hili kwa la lile, kama ilivyo ada. Hapo hakuna kukimbia mpaka watu waseme nani kashinda, na aliyeshindwa, jioni ukumbi wake hubaki na viti vitupu.

Hosea akaanza. Noti chache tu, na Evariste akautambua. Kilikuwa kipande chake, chote, mpaka ule mkunjo mdogo aliouweka kwa sababu Odalie hutembea hivyo.

"Wimbo gani huo, Hosea?" mtu akauliza kwa sauti.

"Unaitwa 'Hosea Kafika'! Nimeutunga kwa kichwa hiki hiki!"

Umati ukapiga vifijo. Zenon, mpiga tromboni wa Evariste na msiri wake, aliyeketi nyuma ya gari miguu ikining'inia, akageuka. "Eva, si ndio ule wa shemeji?"

"Ndio."

"Basi upige, bwana!"

"Nikiupiga sasa hivi, mwizi nitakuwa mimi."

Ndipo sauti moja ikapanda kutoka chini, na mji mzima uliijua. Odalie alikuwa kasimama kati ya watu, mwavuli begani. Wimbo ule aliusikia siku nyingi akiwa jikoni, mumewe akiujaribu, naye akijifanya hasikii.

"Labat! Mtu anahamia nyumbani kwangu, na wewe umeshika kihanchifu?"

Watu wakaangua kicheko. Evariste akaangalia hanchifu yake, akaona haya, akaitupa barabarani.

Hosea akaurudia wimbo ili ammalize kabisa. Evariste hakukurupuka kumjibu. Akasikiliza. Kipande kilipokwisha, Hosea akarudi mwanzo, maana zaidi ya hapo hakujua kitu. Akarudi tena. Na katika kuzunguka kule Evariste akasikia kile alichokitafuta miaka yote. Alikuwa akitafuta chumba cha pili kando ya kile cha kwanza, kumbe nyumba ilitaka ghorofa.

Akainua tarumbeta, vidole wazi mbele ya kila mwenye macho, akaweka kipande cha pili juu ya kile cha Hosea. Vikashikana. Wanawake waliokuwa wakipiga soga wakageuka. Akafika pale alipokwama siku zote, akapita, Zenon akimfuata kwa tromboni kama mtu aliyeitwa kula. Watu wakaanza kuhama kutoka gari lile kuja hili, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakicheza.

Bendi ya Hosea ikakatika, chombo baada ya chombo. Mtu mwenye roho ndogo angepuliza kwa nguvu zaidi. Hosea alikuwa mwizi, lakini alikuwa mwanamuziki, na mwanamuziki hawezi kuziba masikio yake. Akashusha tarumbeta, akavua kofia.

"Labat," akasema, na kona nzima ikasikia. "Huu si wangu. Nilichukua nusu nikadhani ni mzima. Unaitwaje kwa haki?"

"Odalie."

"Shemeji, nisamehe."

"Njoo Jumatatu ule maharage," Odalie akajibu. "Ukishaosha masufuria yangu yote, ndipo nitafikiria." Alitaka kuongeza neno, sauti ikamkatikia. Akafunika uso kwa mkono, na Evariste, ambaye hajawahi kumwona akikosa la kusema, alijisikia tajiri kuliko mtu yeyote Claiborne.

"Wa Odalie!" watu wakapaza sauti. "Tupigie wa Odalie!"

Evariste akaweka tarumbeta mdomoni. Midomo ikakataa. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na pumzi haikutoka. Akajaribu tena, wapi. Basi Hosea akavaa kofia yake, akasogea ukingoni mwa gari, akamwanzishia kipande cha kwanza, polepole, na akakishikilia mpaka mwenyewe alipokuwa tayari kuingia.