Mhojiwa Nambari Kumi na Nne

Profesa Kimaiyo alikuwa na msemo wake, na aliutoa kila kikao bila haya: "Sosiolojia ni umbea wenye marejeleo." Siku hiyo aliutoa tena mbele ya idara tatu nzima, huku akiikata kwa kalamu nyekundu sura ya tano ya ripoti. Sura ya tano ilikuwa ya Daktari Nangila. Miaka miwili ya kazi, mahojiano arobaini na moja, vumbi la Rongai hadi kwenye mapafu, halafu huyu mtu anaikatakata kama nyanya za kachumbari!

"Hii tunaitoa, madam," alisema. "Haina namba."

"Ina watu," Nangila akamjibu.

"Watu si data."

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Chuo kilikuwa kimewachukua wakemia, wahandisi na watu wa sosiolojia, kikawaambia wafundishe kozi moja na kufanya utafiti mmoja, ati uendelevu haujui mipaka ya idara. Kwenye bango la langoni maneno hayo yalipendeza. Kazini walikuwa paka na panya. Maji ya visima vya upande wa Rongai yana floraidi nyingi, inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kimaiyo, ambaye ni mkemia, alitengeneza mtungi wa kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtungi ulifanya kazi, na hilo hata Nangila hakulibisha. Mita iliyofungwa kwenye bomba la kila mtungi uliogawiwa kijijini ilionyesha maji yakipita kila siku, na Kimaiyo akaandika kwamba kijiji kizima kinayanywa.

Uongo mtupu. Nangila ndiye aliyekaa jikoni kwa watu, na alijua maji yale yanaishia wapi. Sura ya tano ikitolewa, mitungi mingine mia tatu ingesambazwa vivyo hivyo, meno ya watoto yaendelee kugeuka kahawia, na Kimaiyo apigiwe makofi. Sura hiyo ilikuwa lazima iingie.

Aliyemwambia ukweli alikuwa Cheruto, mwenyekiti wa kikundi cha maji, mama ambaye kila akizungumza aliziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya meno yake. Siku ya mahojiano walikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai. Nangila alikuwa amemsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, fomu aliyoiandika mwenyewe na kuionea fahari: jina lako halitatajwa, na una haki ya kujitoa wakati wowote, maneno yako yafutwe. Cheruto akatia sahihi, akachungulia mlangoni, kisha akateremsha sauti.

"Daktari, mama mkwe amesema maji ya mifupa hayaingii kwa sufuria yake ng'o! Nani anajua ni mifupa ya nini? Watu wanasema ni ya punda. Sasa mimi kila asubuhi nafungua bomba, Korona anakunywa. Mita inasoma, Prof anafurahi, na kwangu kuna amani."

Korona alikuwa ng'ombe wake, aliyezaliwa mwaka ule wa barakoa.

"Lakini hiyo ibaki hapa," Cheruto akasema.

"Itabaki hapa, mama. Usijali."

Wiki mbili baada ya kile kikao cha kalamu nyekundu, ikafika siku ya kuwarudishia wanakijiji matokeo. Viti vilipangwa kwenye uwanja wa kanisa. Chifu alikuwepo, wanafunzi walikuwepo, wafadhili walikuwepo na kofia zao za jua. Kimaiyo alizungumza dakika arobaini, grafu juu ya grafu. Nangila alikuwa ameahidiwa dakika tano, na zamu yake ilipofika, Kimaiyo hakuachilia kipaza sauti.

"Madam hapa alikuwa anatusaidia na mambo ya akina mama," alisema akitabasamu. "Chai na stori. Tunamshukuru sana. Sasa tufunge na maombi."

Watu wakacheka. Hata wanafunzi wake mwenyewe Nangila, aliowafundisha kwamba stori ni ushahidi, wakacheka. Aisee, damu ilimchemka mwanamke yule! Alimpokonya Kimaiyo kipaza sauti, akafungua daftari lake.

"Maombi yangoje kidogo. Prof ana namba, na mimi ninayo moja. Mhojiwa nambari kumi na nne." Akasoma kwa sauti iliyofika barabarani. "Mama mkwe amesema maji ya mifupa hayaingii kwa sufuria yake. Kila asubuhi nafungua bomba, Korona anakunywa. Mita inasoma, Prof anafurahi."

Jina la mama alilificha. La mama mkwe hakulitaja. La ng'ombe alilisoma hivi hivi, kwa sababu katika kozi zote za utafiti alizosoma na kufundisha, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ng'ombe naye anafichwa. Na kijiji kile chote kilikuwa na Korona mmoja tu.

Vichwa viligeuka safu baada ya safu, hadi vyote vikamtazama Cheruto na bibi kizee aliyekaa kando yake, mama mkwe mwenyewe. "Kumbe mwenyekiti wa maji ni Korona!" mtu wa nyuma akapiga kelele, na kicheko kikalipuka. Bibi kizee aliinuka kwa mkongojo, akapita katikati ya viti. Cheruto alimfuata, kiganja mdomoni.

Nangila aliyaona hayo, lakini aliyaona kwa jicho la pembeni. Macho yake yote yalikuwa kwa Kimaiyo, aliyesimama pale kanywea, wafadhili wakimwandama kwa maswali. Mmoja wao akasema sura ya tano iwe ndiyo ya kwanza kwenye ripoti. Lo, ilikuwa tamu! Usiku huo alilala usingizi mnono nyumbani kwake mjini, mtaa wa Section 58.

Alhamisi asubuhi mlango wa ofisi yake ulibishwa. Alikuwa Cheruto, na fungu la karatasi kwapani.

"Karibu, mama! Keti, nikuletee chai."

"Chai yako sinywi."

Hakuketi. Aliweka karatasi mezani, na safari hii hakuziba mdomo. Meno yake yote ya kahawia yalionekana.

"Soma hapo chini. Wewe ndiye ulinisomea, na mimi nilisikia. Una haki ya kujitoa. Najitoa. Na hawa wenzangu thelathini na wanane wamenituma, wao pia wanajitoa."

"Cheruto, nisamehe. Nilikuwa nawatetea nyinyi. Yule mtu alitaka kuwafuta kabisa."

"Ulikuwa unapigana na Prof," Cheruto akasema. "Ukakosa jiwe, ukaniokota mimi. Kogo, mama mkwe wangu, hali chakula changu tangu siku ile. Anauliza ni nani alimtoa jikoni kwake akampeleka kwa kipaza sauti. Nimwambie nini?"

Nangila aliinamisha kichwa. Aligeukia kompyuta.

"Futa nikiona," Cheruto akasema.

Akafuta. Mahojiano thelathini na tisa, moja baada ya jingine, na mwanamke yule amemsimamia begani hadi la mwisho. Mawili yaliyobaki hayakujaza hata ukurasa.

"Na mtungi?" Nangila aliuliza Cheruto akiwa tayari mlangoni. "Watoto, Cheruto. Maji yenyewe ni mazuri, nakuapia."

"Nimewapa kuku watagie humo."

Saa sita simu ikalia. Alikuwa Kimaiyo, na sauti yake ilikuwa imechacha.

"Madam, sura yako iko wapi? Ripoti inaenda kuchapishwa leo."

"Hakuna sura, Prof."

"Vipi hakuna? Si wewe ulinipigia kelele kwamba ina watu?"

"Walikuwepo," Nangila akasema. "Nimewafukuza mimi mwenyewe."