Blauzi Thelathini za Noelia

Siku ya mwisho ya kila mwezi Noelia alipiga pasi blauzi thelathini na kujipiga picha katika ua wa doña Eufrosina, mama mwenye nyumba wake kule Oaxaca. Aliketi penye maua, kompyuta mapajani, imezimwa, maana juani kioo chake hakisomeki. Aliuza mafunzo mtandaoni, ya kuacha ajira na kufanya kazi popote duniani. Picha za mwezi mzima zilimalizwa siku hiyo moja, kisha kila asubuhi akawa anaweka moja mtandaoni. Kazi yenyewe aliifanya chumbani ghorofani, pazia limeshushwa, mgongo ukimuuma.

Mwezi wa Machi picha zilianza kushuka ngazi zenyewe, kila asubuhi moja. Wa kwanza alikuwa Noelia wa blauzi ya njano. Aliketi mezani, akatabasamu. Doña Eufrosina akamwekea atole, uji wa mahindi wenye mdalasini. Hakuugusa. Noelia mwenyewe aliposhuka na sweta lake la kijivu, alikuta kiti kina mtu.

"Njoo jikoni, mwanangu," doña akamwambia. "Huyo anapendeza, ila kula hajui."

Tangu hapo Noelia alikula jikoni na kusaidia kuchambua maharage. Majirani walimsalimu yule aliyekuwa na zamu.

Siku ya kumi na tisa mama yake alipiga simu ya video kutoka kwao, mji wa Rosario. Zamu ilikuwa ya blauzi ya kijani, naye ndiye aliyepokea. Noelia alikuwa na homa, doña amemfunga kitambaa cha siki kwenye paji la uso.

"Umenawiri, mwanangu!" mama akasema. "Nilikuwa na neno. Basi, liache. Sitaki kukuharibia raha."

"Niko salama kabisa, mama," akajibu wa kijani.

Noelia aliita kutoka jikoni, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Simu ikakatwa.

"Usilie," doña akasema. "Machi ina siku thelathini na moja. Wewe una blauzi thelathini."

Siku ya thelathini na moja hakushuka mtu. Doña alikifuta kile kiti, akamtengea Noelia mayai na tortilla, chapati za mahindi, akamchana nywele. Noelia akapiga simu.

Mama alikuwa amefungwa bandeji jicho moja. Kwa lile lililobaki alimkagua.

"Hujambo, binti? Niitie Noelia."

"Ni mimi, mama. Jicho limefanya nini?"

"Wacha utani, wewe. Mwanangu namwona pichani kila siku, hajakonda hivyo. Na habari za jicho usimwambie. Ana furaha yake, masikini."

Noelia akasema hatamwambia.

Jioni ile aliomba pasi. Doña Eufrosina alimsaidia kwenye kola, kwa sababu kola zilimpa Noelia tabu. Asubuhi iliyofuata doña alimimina atole vikombe viwili, akaweka kimoja mezani kwa mwenye zamu, na kile kilichojaa zaidi akakipeleka jikoni.